Dawa iliyomponya mwenzako inaweza kukulaza wewe: kisa cha mpwa wangu na mjomba "aliyerogwa"

Mwana wa Kitangari (mwanzisha uzi), Jumapili saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi mzaliwa wa Newala, kwa sasa nipo Mtwara mjini, nafundisha jiografia sekondari. Sio daktari na sijifanyi. Ninayoandika ni yaliyotukuta, pamoja na niliyoyachimba mwenyewe baadaye kwa sababu nilikosa usingizi.

Mwaka jana mwezi wa nne mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana wa miaka 19 anayesoma chuo hapa mjini, alishikwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Akapimwa, akaandikiwa nitrofurantoini, akanunua dozi kamili, akawa anameza kwa wakati. Yaani hakuna aliyekosea popote. Siku ya tatu akanipigia: "Mjomba, nakojoa Coca-Cola." Nikamwambia anywe maji mengi. (Ndiyo, nichapeni.) Siku ya tano nikamkuta kitandani, macho njano kama embe bivu, kutoka chumbani hadi chooni anashika ukuta.

Hospitali walianza na malaria, kama ilivyo ada huku kwetu. Hakuna malaria. Kiwango cha damu (hemoglobini) kilikuwa 6.4. Akaongezewa chupa mbili. Wenzake wa chuo walishaamua kuwa ni homa ya ini. Dada yangu, aliyeshuka kutoka Newala na gari la alfajiri, alikuwa na lake moyoni ila hakulitamka mbele yangu.

Ndipo akaja daktari mmoja kijana. Akashika pakiti ya vidonge, akaisoma mbele na nyuma, akatuuliza: "Upande wa mama yake, kuna mwanamume aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kunywa dawa yoyote?"

Mimi na dada tukatazamana.

Tunaye. Mjomba wetu, kaka wa mama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aligundulika na ukoma, akaanzishiwa vidonge, dapsoni ikiwemo. Hazikuisha wiki mbili mkojo ukawa mweusi, macho njano, akaanguka shambani. Wazee wakakaa kikao. Kulikuwa na mama mmoja jirani ambaye walikuwa wanavutana mpaka wa mikorosho. Hukumu ikatoka siku hiyohiyo: ni yeye. Mjomba akatupa dawa zote, akahamia kwa mganga. Alipokuja kukubali matibabu tena miaka ilikuwa imekatika. Wakampa mchanganyiko usio na dapsoni, ukoma ukaisha, lakini vidole vya mkono wa kulia vilishajikunja. Jembe hadi leo anashika kwa kiganja.

Daktari alitueleza hivi. Chembe nyekundu za damu zina kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kazi yake ni kama mafuta unayopaka panga lisishike kutu. Wapo watu waliozaliwa na jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho pungufu. Siku zote wako sawa tu, wanacheza mpira, wanapalilia. Ikiingia dawa inayoleta hiyo "kutu" kwa wingi, chembe zinapasuka na rangi ya damu inatokea kwenye mkojo. Dapsoni ni mojawapo. Nitrofurantoini nayo. Primakwini ya malaria ndiyo iliyofanya jambo lenyewe lijulikane: Marekani walikuwa wakiwapa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, wakaona wengine hawana neno na wengine damu inavunjika, na mwaka 1956 ndipo ikaandikwa kuwa tatizo ni kimeng'enya hiki. Leo wanakadiria watu milioni 400 duniani wanao upungufu huo, na wengi wapo kwenye nchi zilizokaa na malaria tangu zamani, kwa kuwa upungufu huohuo unamsaidia mtu asizidiwe na malaria kali. Kwa hiyo si ugeni wala laana, ni silaha ya zamani yenye makali pande mbili.

Kitu kilichonishangaza: kipimo cha kwanza kilisema kijana yuko kawaida. Daktari hakutetereka. Akasema chembe kuukuu, zile zenye upungufu zaidi, ndizo zilizokwisha kupasuka. Zilizobaki ni changa na chembe changa huwa na kimeng'enya cha kutosha, isitoshe mwilini mna damu ya watu wengine. Rudini baada ya miezi mitatu. Tukarudi. Pungufu.

Sasa lililonifanya nianzishe uzi. Jeni ya G6PD inakaa kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu na anaipata kwa mama yake. Baba hampi mwanawe wa kiume X hata iweje. Mama ana X mbili, kwa hiyo anaweza kuibeba maisha yake yote bila dalili, anayekuja kuonesha ni kaka yake au mwanawe.

Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo tumeuhesabu kwa mama tangu enzi. Mjomba ndiye msemaji. Wajomba zetu tunawajua hadi walikozikwa na kilichowaua. Yaani kwa jambo hili hasa, taarifa ambayo daktari anaitafuta tunayo majumbani. Tatizo tumeihifadhi kwa jina la uchawi.

Nani mwingine ana mtu kwenye ukoo wake ambaye dawa "ilimkataa"? Leteni.

---

Kangomba Mstaafu, saa 2:58 usiku

Kwa hiyo yule mama kasingiziwa miaka thelathini na ushee? Duh. Na mpaka wa shamba ulihamia wapi?

---

Mwana wa Kitangari, saa 3:01 usiku

Ulihamia kwetu, mkuu. Usiniulize zaidi.

---

Mpulizaji wa Tandahimba, saa 3:10 usiku

Mimi nina cheti kimeandikwa "mzio wa salfa". Na kila msimu kuanzia mwezi wa sita napuliza salfa kwenye mikorosho, nakohoa, macho yanawaka moto. Kumbe ni jeni za upande wa mama? Maana mjomba wangu naye alikuwa analalamika hivyohivyo.

---

Mfamasia Kusini, saa 3:26 usiku

Mpulizaji, subiri kwanza, hapo umechanganya magunia mawili.

Salfa ya mikorosho ni salfa yenyewe, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga, ukungu wa mikorosho. Ikikuingia machoni inawasha kila mtu, hata mbuzi. Dawa za salfa ni familia nyingine kabisa, kama ile iliyomo kwenye Septrin na Fansidar. Majina yamefanana kwa sababu molekuli ya dawa hiyo ina atomu ya salfa ndani yake, basi. Mwenye mzio wa Septrin anaweza kupuliza shamba lake. Na aliyewashwa na unga wa shambani hana sababu ya kukataa Septrin.

Swali: mzio wako uliandikwa baada ya kumeza dawa, au baada ya kumwambia nesi kwamba salfa inakusumbua?

---

Mpulizaji wa Tandahimba, saa 3:31 usiku

Hilo la pili 😂😂 Nilimwambia tu salfa inanisumbua, akaandika.

---

Mfamasia Kusini, saa 3:33 usiku

Basi kaeleze upya ili cheti kirekebishwe. Unajinyima dawa nzuri bure. Na barakoa na miwani vaa, mjomba wako hakuwa na jeni, alikuwa hana barakoa.

Ila msikilize na upande wa pili: mtu aliyemeza dawa ya salfa akatoka malengelenge, ngozi ikavuka, midomo na macho vikachubuka, huyo asijaribu tena hata kwa nusu kidonge. Hiyo inaua.

---

Mzalendo wa Ruangwa, saa 3:40 usiku

Nasema kila siku humu. Hizi dawa zimetengenezwa kwa damu ya Wazungu, zinajaribiwa kwetu. Damu ya Mwafrika ni tofauti. Turudi kwenye mizizi yetu.

---

Mfamasia Kusini, saa 4:05 usiku

Mzalendo, hoja yako ina robo ya ukweli. Robo yenyewe ni kwamba tafiti nyingi za jeni na dawa zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na dozi nyingi zimetoka huko. Robo tatu zilizobaki sikubaliani nazo. "Damu ya Mwafrika" haipo. Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lolote. Mtu wa Ruangwa na jirani yake wa nyumba ya pili wanaweza kutofautiana kwenye jeni ya dawa fulani kuliko mmoja wao anavyotofautiana na Mfini. Mpwa wa mwanzisha uzi kalazwa kwa nitrofurantoini. Mwenzake wa bweni, Mmakonde vilevile, angeimeza akapona. Na mizizi nayo ina kemikali, ini halijui kama imetoka kiwandani au porini.

Niwape picha moja, ndefu kidogo.

Fikirieni ini ni ghala la chama cha msingi msimu wa korosho. Dawa ni magunia yanayoingia. Vimeng'enya ni vijana wa mizani na wapakiaji. Jeni zako ndizo zinazoamua umepewa vijana wangapi na wana nguvu kiasi gani. Kuna ghala lenye vijana wavivu: magunia yanarundikana hadi mlangoni, yaani dawa inajaa mwilini kwa dozi ileile ambayo kwa mwingine ni ya kawaida. Kuna ghala lenye vijana wa kasi: gunia halijatua limeshaondoka, dawa inatoweka kabla haijafanya kazi.

Mfano wa wavivu ni isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952. Mapema tu madaktari waliona wagonjwa wengine inabaki mwilini muda mrefu, wanapata ganzi na kuchomachoma miguuni. Jeni inayohusika inaitwa NAT2, na wavivu wa jeni hiyo ni wengi sana, huku kwetu na Ulaya pia. Ndiyo sababu wengi mnaopewa isoniazidi ya kinga mnapewa na vitamini B6. Watu wanaitupa ile B6 wakidhani ni ya kuongeza hamu ya kula. Msiitupe.

Sasa kuna dawa za aina ya pili, na hapa ndipo watu wanashangaa. Kodeini ikiingia mwilini ni korosho ghafi. Haitulizi maumivu hivyohivyo, mpaka ini liibangue itoke mofini ndani yake. Kibanguzi ni kimeng'enya CYP2D6. Mwenye kibanguzi kibovu anameza kodeini, maumivu palepale, anaonekana mzushi. Mwenye vibanguzi vya ziada anabangua gunia zima kwa mkupuo, mofini inajaa ghafla, usingizi mzito, pumzi inapungua. Utafiti wa Eleni Aklillu na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni hiyo. Marekani, baada ya watoto kufariki kwa kodeini waliyopewa kufuatia upasuaji wa tonsesi, mwaka 2013 mamlaka yao ya dawa iliweka onyo kali kabisa isitumike kwa watoto wa upasuaji huo. Tramadoli nayo inapita njia hiyohiyo. Vijana wa bodaboda mnaoimeza ili msisikie uchovu, mtu mmoja anasema "mimi nameza mbili sioni kitu", mwenzake akameza mbili hizohizo akalala moja kwa moja. Sasa mmejua kwa nini.

---

Mpulizaji wa Tandahimba, saa 4:12 usiku

Kubangua ndani ya ini! Mfamasia umeniweza. Nimeelewa kuliko miaka minne ya sekondari.

---

Sina Jina Leo, saa 4:30 usiku

Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya uzi huu, mtanielewa.

Natumia ARV, dawa za VVU, tangu 2014. Nilianza na kile kidonge cha usiku chenye efavirenzi. Wakuu, mwezi wa kwanza wote walisema utazoea. Wengine tuliokuwa nao kliniki walizoea kweli. Mimi sikuzoea miaka minne. Nikimeza saa tatu, saa nne nyumba inazunguka kama nimekunywa uraka pipa zima. Ndoto, msiniulize. Nilikuwa naota nazikwa nikiwa nasikia watu wanavyozungumza juu ya kaburi. Asubuhi nafungua genge nikiwa nimelewa, wateja wananusa mdomo wangu. Mume wangu akaamini nakunywa kwa siri. Mshauri kliniki akaniandika kuwa nina msongo wa mawazo.

Walipotubadilishia kwenda dolutegraviri, wiki ya pili tu nikalala kama mtoto. Nililia. Sikuwahi kujua ni kwa nini wenzangu ile dawa waliiweza mimi ikanishinda. Je ni hayohayo magunia?

---

Mfamasia Kusini, saa 4:47 usiku

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kuandika.

Siwezi kusema kwa uhakika bila kipimo, lakini ulichoeleza ndiyo picha yenyewe. Efavirenzi inaondolewa na kimeng'enya CYP2B6, na watu wenye nakala mbili za jeni iliyo vivu ni wengi zaidi Afrika kuliko Ulaya. Kwao dozi ya miligramu 600 inarundikana damuni mara kadhaa ya inavyotakiwa, na inakwenda kichwani: kizunguzungu, ndoto, huzuni. Mzimbabwe mmoja, Profesa Collen Masimirembwa, ameifanyia jeni hiyo kazi kubwa sana pale Harare, akisisitiza kuwa wengi wa hao walitakiwa kupewa dozi ndogo. Dolutegraviri inapita njia nyingine mwilini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kuwa ya mstari wa kwanza mwaka 2019, na nchi yetu ikahamia huko.

Kwa hiyo hukuwa mlevi, hukuwa na kichaa. Na kusema ukweli watu wa fani yangu tuliwaambia wagonjwa wengi mno "utazoea".

---

Sina Jina Leo, saa 4:52 usiku

Nitamsomesha mume wangu ujumbe huu. Ahsante.

---

Nachingwea Mjini, Jumatatu saa 12:50 asubuhi

Nimeamka na uzi huu. Mimi ni presha. Nilipewa enalaprili, presha ikashuka vizuri, ila nikapata kikohozi kikavu cha usiku na mchana. Miezi mitatu. Nimepimwa kifua kikuu mara mbili, makohozi hawapati maana hakuna makohozi. Mke akahamia chumba cha watoto. Siku moja nesi wa zamu akaniuliza "unakunywa kidonge gani cha presha?" Akampigia daktari, nikabadilishiwa losatani, ndani ya wiki chache kimya.

Nayo ni jeni?

---

Mfamasia Kusini, saa 2:15 asubuhi

Jeni zinachangia, ila sio jeni moja unayoweza kuinyooshea kidole kama G6PD. Dawa za jamii ya enalaprili na kaptoprili zinazuia kimeng'enya ambacho pamoja na kupandisha presha kina kazi ya kuvunja kemikali iitwayo bradikinini. Ikibaki nyingi, koo linawasha. Hiyo inawapata watu wa kila rangi. Kinachonitisha zaidi kwa dawa hizo ni kuvimba midomo, ulimi na koo. Ni nadra, lakini watu wenye asili ya Afrika inawapata zaidi. Ukivimba ulimi acha dawa, kimbia hospitali, usisubiri asubuhi.

---

Babu wa Kilwa Masoko, saa 3:02 asubuhi

Vijana mmesahau klorokwini. Sisi tulikuwa tunaogopa dawa kuliko malaria. Unameza, baada ya saa chache mwili mzima unawasha kama umepakwa upupu, unajikuna hadi kwa gunzi. Halafu kaka yangu tuliyezaliwa tumbo moja anameza, analala zake anakoroma. Kwa hasira nilikuwa namwamsha. Mzungu wa misheni alikuwa anatushangaa, anasema yeye ameimeza miaka kumi hajawahi kuwashwa.

---

Nesi Mstaafu Lindi, saa 3:20 asubuhi

Babu umenikumbusha mbali. Kuwashwa kule kulikuwa kwa Waafrika zaidi kuliko kwa wageni, na ndani ya nyumba moja mmoja anawashwa mwingine hapana. Watoto walikuwa wanaficha kidonge chini ya ulimi wanakwenda kutema nje, na malaria ikawa inapata dozi nusunusu. Mwaka 2001 nchi ikaachana nayo ikaingia SP (ndiyo ile Fansidar), kisha mwisho wa 2006 dawa mseto.

Wanangu, nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, naomba niseme machache kabla hamjaanza kuita kila kitu jeni.

Mkojo mwekundu au wa machungwa kwa anayekunywa dawa za TB ni rangi ya rifampisini. Inampata kila mtu, hata jasho na machozi. Msikimbie dozi. Mkojo wa kahawia au mweusi pamoja na macho njano na kuishiwa nguvu, huo ndio wa kukimbilia hospitali.

Wakati wa kinga tiba ya matende na busha watu wanaumwa kichwa, wanawashwa, wanasema dawa imewakataa. Mara nyingi aliyepata shida hiyo ndiye aliyekuwa na minyoo mingi, ni minyoo inakufa ndani.

Na mseto. Watu wananiambia "mseto haunikubali, malaria inarudi". Namuuliza umekunywa na nini? Na chai ya rangi. Sehemu moja ya mseto haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kunywa na chakula, na maziwa. Mtu wa Lindi anakosaje konzi ya korosho?

Tena kuna dawa feki na zilizoungua na jua dirishani dukani. Hizo nazo ni sababu.

---

Mwana wa Kitangari, saa 3:31 asubuhi

Shikamoo mama. Umenena. Sasa mtu wa kawaida atatenganishaje?

---

Nesi Mstaafu Lindi, saa 3:44 asubuhi

Marahaba mwanangu. Hatenganishi yeye, anatunza kumbukumbu. Anaandika jina la dawa, siku aliyoanza, siku ya shida, na shida yenyewe ilivyokuwa. Sio "nilipewa vidonge vya njano". Pakiti usitupe. Aje nayo. Sisi tunajaza ile fomu ya njano inakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zamani nilikuwa nadhani fomu hizo zinaliwa na mende, lakini dawa huwa zinaondolewa sokoni kwa taarifa kama hizo. Iko dawa ya malaria iliitwa Lapdap, ndani yake mlikuwa na dapsoni hiyohiyo iliyomtesa mjomba wako. Ilianza 2003, ikaondolewa 2008, kwa sababu wenye upungufu wa G6PD damu ilikuwa inavunjika.

---

Binti Mikindani, saa 4:10 asubuhi

Samahani, nimesoma mahali kuwa wenye tatizo la G6PD hawatakiwi kupakwa hina. Mwanangu wa kiume ana miezi mitano, baba yake mkubwa huko Muscat amegunduliwa analo. Bibi yake anataka ampake siku ya harusi ya shangazi. Nikikataa nitaonekana nimesoma sana.

---

Mfamasia Kusini, saa 4:25 asubuhi

Kataa. Hina ina kemikali inayopita kwenye ngozi laini ya mtoto, na watoto wachanga wenye upungufu wameshavunjika damu kwa kupakwa hina. Kadhalika vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye sanduku la kanga: nguo zake zisikae humo.

Ila ngoja, baba yake mkubwa ni ndugu wa mumeo? Kama ni upande wa mumeo, mwanao wa kiume hakuipata kwa njia hiyo. Cha kuuliza ni kaka zako wewe na wajomba zako.

---

Binti Mikindani, saa 4:29 asubuhi

Ni kaka wa mume, ndiyo. Kwa hiyo niwaulize wajomba zangu. Lakini hina bado sipaki, nimeshapata sababu.

---

Kangomba Mstaafu, saa 4:40 asubuhi

Sasa mwanzisha uzi umewapima watu wote humu ndani. Wewe je? Mama yako anaibeba, dada yako anaibeba. Wewe ni mtoto wa mama yuleyule. Ni shilingi unarusha.

---

Mwana wa Kitangari, saa 7:15 mchana

Nilikuwa nasubiri nani ataliona. Nimepima siku ile tuliyorudi na kijana baada ya miezi mitatu. Shilingi yangu iliangukia upande mzuri, sina. Wiki nzima kabla ya majibu nilikuwa nakumbuka kila kidonge nilichowahi kumeza tangu darasa la kwanza.

Dada yangu ana mtoto mwingine wa kiume, wa darasa la tano. Yeye atapimwa likizo. Mabinti wa mjomba wote watatu ni wabebaji, hapo hakuna shilingi, X ya baba yao ni moja na wote wameichukua. Wana wana wa kiume saba kwa jumla. Watoto wa kiume wa mjomba mwenyewe wako salama kwa upande huo. Nimechora ukoo mzima kwenye karatasi ya manila kama ninavyofundisha mito na vijito.

---

Mfamasia Kusini, saa 7:32 mchana

Ongeza kitu kimoja kwenye manila yako: mistari ya mama ni kwa G6PD. Zile nyingine, ya isoniazidi, ya efavirenzi, ya kodeini, zinatoka kwa baba na mama wote wawili, nakala moja moja. Watu wasije wakaacha kuuliza upande wa baba. Na wanawake nao wapo wanaopata shida ya G6PD, hasa akirithi pande zote mbili.

Kijana wako ana kadi?

---

Mwana wa Kitangari, saa 7:50 mchana

Anayo. Daktari aliiandika kwa mkono, sisi tukaipiga plastiki. Inakaa nyuma ya simu. Mwezi uliopita alipata UTI tena (jamani, maji), akaenda duka la dawa muhimu, dada wa pale akaanza kutoa pakiti ileile. Akamwonesha kadi. Yule dada akaisoma, akasema "mimi hii siijui, ngoja nipige simu." Akapiga. Akapewa dawa nyingine. Nimempelekea korosho kilo mbili yule dada.

---

Babu wa Kilwa Masoko, saa 8:20 mchana

Mjomba wako umeshamwambia?

---

Mwana wa Kitangari, saa 2:05 usiku

Nilikwenda Kitangari wiki iliyopita, babu, ndicho hasa kilichonifanya nikae kuandika huu uzi. Nilimkuta barazani anamenya ming'oko kwa ule mkono. Nikaeleza yote, kutu, mafuta ya panga, X, mpaka wafungwa wa Illinois. Akaendelea kumenya. Nikadhani hajaelewa. Nikarudia kwa Kimakonde.

Akasema ameelewa tangu mara ya kwanza.

Kisha akaniuliza kama yule mama bado yupo. Yupo, ni mzee sana, anakaa kwa mjukuu wake upande wa pili wa barabara ya Newala. Miaka yote hii hawajasalimiana, na sisi watoto tulikatazwa kupita kwake, tulikuwa tunazunguka kwa nyuma hata mvua ikinyesha.

Jumamosi nampeleka. Ameniomba nije na futi ya kupimia, ile ndefu.

---

Kangomba Mstaafu, saa 2:09 usiku

Futi ya mikorosho?

---

Mwana wa Kitangari, saa 2:11 usiku

Ya mikorosho, mkuu. Nitaleta mrejesho.